Taa za LED za kuoteshea mchicha ndani ya hema: nimekosea wapi katika kuunganisha?

Mbaazi_Oslo ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Muheza na kwa sasa ninaishi Oslo, ambako mwishoni mwa Desemba urefu wa mchana haufikii hata saa sita. Kwa miaka miwili nimejaribu kuotesha mchicha na pilipili mbuzi dirishani, na mara zote mbili miche imerefuka kama nyuzi ikalala, huku mchicha ukitoa maua ungali na urefu wa shubiri moja. Mwaka huu nimenunua hema la kuoteshea lenye sentimita 80 kwa 80 na kuta zinazong'aa kwa ndani, nikaamua kuitengeneza taa mwenyewe kwa kuwa najua kulehemu na ninataka kitu nitakachoweza kukifungua na kukirekebisha.

Nilinunua stripu nane za LED nyeupe, yaani vipande vyembamba virefu vilivyopangwa taa ndogondogo, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 56 na maandishi ya volti 23 kwa ampea 0.7. Kwa ushauri wa muuzaji nilichukua pawasaplai ya volti 24, nikaziunganisha stripu zote sambamba, yaani kila moja kivyake kwenye pawasaplai, na kuzikaza kwa skrubu kwenye fremu nyembamba ya alumini. Baada ya wiki tatu, stripu mbili za katikati zilikuwa na joto la kutoshikika. Moja ikageuka rangi ya kahawia, na jana imezimika kabisa.

Naomba kuelimishwa kosa langu ni lipi, wati ngapi zinatosha kwa hema la ukubwa huu, na kama ni kweli kwamba mimea inahitaji mwanga wa zambarau ambao nauona katika taa nyingi za dukani.

FundiTaa_Moro amejibu:

Ndugu Mbaazi, pole kwa hasara. Stripu zako huenda hazikuwa mbovu. Kilichoziua ni namna zilivyolishwa umeme.

LED haifanyi kazi kama balbu ya zamani. Kwenye balbu, volti ikiongezeka kidogo mkondo nao huongezeka kidogo, lakini kwenye LED volti moja tu ya ziada juu ya stripu ya volti 23 inaweza kuufanya mkondo ukaribie kuwa maradufu. Pawasaplai yako inashikilia volti 24 wakati wote bila kujali ni mkondo kiasi gani unapita, kwa hiyo tangu siku ya kwanza stripu zilikuwa zinalazimishwa. Linaloongeza ubaya ni kwamba LED inapopata joto, volti inayoihitaji hushuka, nayo huvuta mkondo zaidi. Mkondo ukizidi, joto linazidi, na mzunguko huo hauna wa kuuzuia. Ndiyo maana zimeanza kufa zile za katikati, ambazo hupata joto la jirani zake kutoka pande zote mbili.

Unachohitaji ni draiva ya mkondo thabiti, yaani ile inayoulinda mkondo na kuiacha volti ijipange yenyewe. Mafundi wengi wanaotengeneza taa za namna hii hutumia draiva za kampuni ya Mean Well za aina ya HLG, kwa sababu zile zenye herufi A mwishoni zina skrubu ndogo chini ya vizibo vya mpira, ambazo unazizungusha kupunguza au kuongeza mkondo. Ya wati 150 kwa volti 48, inayotoa hadi ampea 3.2, itakufaa.

Kuhusu kuunganisha, mtu anaweza kukuambia uziweke stripu zote nane kwa mfululizo, yaani moja nyuma ya nyingine kwenye waya mmoja, kwa kuwa hapo kila stripu hupata mkondo ule ule bila ubishi. Kimahesabu ni kweli, lakini nane kwa volti 23 ni volti 184 za umeme wa moja kwa moja, zinazopita ndani ya hema lenye unyevunyevu, mahali unapoingiza mkono wenye maji kila asubuhi. Tafadhali usifanye hivyo. Unganisha mbili mbili kwa mfululizo upate volti 46, kisha matawi hayo manne yaweke sambamba, na kila tawi lipewe fyuzi yake ya ampea 1. Stripu moja ikipiga shoti, tawi lake litataka kuumeza mkondo wote wa draiva, na hapo fyuzi hukatika kabla hakijaungua kitu.

Mkondo wa jumla uuweke kwenye ampea 2.4, ili kila tawi lipate 0.6. Nachagua kiwango hicho kwa makusudi: tawi moja likikatika, matatu yanayobaki yatapata 0.8 kila moja, kiasi ambacho stripu nyingi za aina hiyo huvumilia, ingawa ni wajibu wako kukihakikisha kwenye karatasi ya kiwanda. Isitoshe, LED inayoendeshwa chini ya uwezo wake hutoa mwanga mwingi zaidi kwa kila wati na hudumu zaidi, kwa hiyo ni afadhali kununua stripu nyingi na kuziendesha kwa upole kuliko kununua chache na kuzikamua.

Fremu nzima ya alumini iunganishe na waya wa ardhi, ule wa kijani na njano. Mtu asiulegezee mkono waya huo kwa sababu eti taa inawaka hata bila waya huo.

MamaMiche_Arusha amejibu:

Kaka Mbaazi, mimi nafanya kazi katika maabara ya kuzalisha miche ya migomba kwa njia ya tishu, yaani kutokana na vipande vidogo vya mmea vinavyokuzwa ndani ya chupa, ambako rafu zote zinaishi kwa taa, nami nitajibu yale mawili yaliyobaki.

Mwanga wa mmea hupimwa kwa maikromoli (kipimo cha idadi ya chembe za mwanga; maikromoli milioni moja ni moli moja) zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde, na jambo la maana ni jumla ya siku nzima. Miche yetu ndani ya chupa hulishwa sukari, kwa hiyo hutosheka na maikromoli 50 hivi. Mboga ya majani inayojitafutia chakula chake huhitaji kama 250 kwa saa 16, ambazo ni takriban moli 14 kwa siku. Hema lako lina eneo la mita za mraba 0.64, hivyo zinatakiwa maikromoli 160 kwa sekunde zifike kwenye majani. Ukikadiria kwamba karibu robo ya mwanga hupotea kwenye kuta, na kwamba stripu nzuri pamoja na draiva hutoa maikromoli 2.4 kwa kila wati inayovutwa kutoka soketi ya ukutani, utapata wati 85 au 90. Pilipili zikianza kuzaa zitataka zaidi, hadi wati 130 hivi, na draiva uliyoelekezwa ina nafasi hiyo.

Kwa saa 16, wati 85 ni yuniti 1.36 kwa siku, takriban 41 kwa mwezi. Kwa nyumba inayopashwa joto kwa umeme, kama zilivyo nyingi huko uliko, joto la taa halipotei bure wakati wa baridi. Taima, yaani saa ya kuwasha na kuzima taa yenyewe, usiache kuifunga, kwani aina nyingi za mchicha hukimbilia maua siku zikiwa fupi, na naamini hilo ndilo lililokupata dirishani.

Kuhusu zambarau, mwaka 1972 mtafiti Keith McCree alichapisha vipimo vya mimea ya aina 22 vilivyoonyesha kwamba jani hutumia mwanga wa rangi zote wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700, kijani kikiwemo, ingawa nyekundu inaongoza. LED nyeupe ni chipu ya buluu iliyopakwa unga wa fosfori unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano na nyekundu, kwa hiyo unapata yote kwa pamoja. Mimi nina sababu nyingine ya kuipenda nyeupe: chini ya taa ya zambarau huwezi kuona jani likianza kuwa manjano wala madoa ya ugonjwa, na mkulima asiyeliona jani lake atachelewa kila mara.

Mbaazi_Oslo ameandika, wiki tano baadaye:

Nawashukuru sana, ndugu Fundi na dada MamaMiche. Nimefanya kama mlivyonielekeza, na stripu nimezikaza kwenye bati la alumini la milimita 3 kwa mafuta ya kupitisha joto. Sasa naweza kuweka kiganja nyuma ya bati bila kukiondoa. Mchicha una majani mapana na hakuna hata mche mmoja ulioonyesha maua. Nimepima kwa programu ya simu nikiwa sentimita 30 chini ya taa: katikati napata laksi (kipimo cha mwanga kama jicho linavyouona) 21,000, pembeni 12,000. Je, tofauti hiyo ni kubwa mno?

MamaMiche_Arusha amejibu:

Kwa LED nyeupe yenye rangi ya kadiri ya Kelvini 4000 (kipimo cha weupe wa mwanga), gawanya laksi kwa 70 upate maikromoli kwa kukadiria: katikati una 300, pembeni 170. Simu haiaminiki sana kwa namba kamili, ila kwa kulinganisha sehemu na sehemu inafaa. Usiishushe taa. Zisogeze stripu mbili za kila upande zikaribie ukingo wa bati, uache nafasi kubwa zaidi katikati, kwa sababu katikati hupata mwanga wa stripu zote na pembeni hupata wa chache. Kisha pima sehemu tisa, tatu kwa tatu.

FundiTaa_Moro amejibu:

Naongeza moja tu. Draiva itoe nje ya hema kama bado imo ndani, maana yenyewe peke yake hupoteza wati nane au kumi kwa joto. Waya wa kuingilia upitishe chini kwanza kisha upande juu, ili tone la maji likiteremka juu yake lidondoke kwenye kona hiyo badala ya kufuata waya hadi kwenye kiungio.