Marufuku ya fataki: tunawanasaje warushaji?

Swali: Jiji limepiga marufuku fataki za sikukuu. Doria ikifika, mrushaji ameshaingia ndani na majirani hawamtaji. Tufanyeje?

Jibu 1: Sheria ndogo imwajibishe pia mwenye eneo. Hapo mnathibitisha zilikorushwa tu, si aliyewasha. Anayepiga simu kuripoti ahesabu sekunde kati ya mwanga na mlio: kila sekunde ni takriban mita 340, kwa hiyo sekunde 3 ni kama kilomita 1. Mwangwi wa majengo hupotosha upande sauti inakotoka, hivyo tafuteni wapiga simu wawili walio sehemu tofauti. Mabaki ya makasha yapigwe picha papo hapo, kabla hayajafagiliwa.

Jibu 2: Sikukuu yenyewe mmeshachelewa. Wabaneni wauzaji wiki kadhaa kabla, wakiwa bado na shehena.

Jibu 3: Na hizo shehena mtakazokamata, tafadhali, msizirundike kwenye stoo ya vielelezo! Zikae peke yake, mbali na joto na cheche. Iliyogoma kulipuka isiwashwe tena. Subirini dakika 20, kisha iloweni kwenye ndoo ya maji. Zisizo na lebo, za kujitengenezea, msiziguse kabisa: waiteni wataalamu wa milipuko.