Uvimbe wa mafuta begani: nikatwe, ninyonywe au niuache?

Mzigo_Mwepesi: Wakuu, nina kinundu begani, huu mwaka wa 4. Ukikibonyeza kinateleza chini ya kidole, na hakiumi. Daktari kanipima, kasema ni lipoma, mafuta tu yaliyojikusanya chini ya ngozi. Nikitaka nikatwe, ninyonywe mafuta yake kwa mrija, au nikiache kilivyo. Kinachonikera ni mkanda wa begi, unakaa juu yake palepale. Waliopitia semeni.

Kovu_Moja: Wangu ulikuwa mgongoni, mkubwa kama limau. Nilichomwa ganzi ya hapohapo, nikawa macho napiga soga na daktari. Maumivu hakuna, ila unahisi kuvutwavutwa, kisha kitu kinachomoka. Niliomba kuuona: njano, laini, umefungwa kwenye utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Ukitoka mzima na utando wake, ni nadra kurudi. Kovu ninalo, refu kama kidole gumba.

Binti_Subira: Mimi nilikimbia hilo kovu, nikachagua kunyonywa. Tundu lenyewe halionekani hata ukilitafuta. Lakini mwaka wa 2 haujaisha, kinundu hicho! Mrija ulivuta mafuta, utando ukabaki ndani. Ningejua ningekatwa tangu mwanzo.

Mzee_Saba: Pole, binti yangu. Mimi ninavyo 7, mikononi na tumboni, na marehemu baba alikuwa navyo vilevile. Sijagusa hata kimoja. Niliwahi kupunguza kilo 12 nikidhani vitasinyaa. Nikakonda mimi, vyenyewe vikazidi kuonekana!

Mzigo_Mwepesi: Shikamoo mzee, umenichekesha. Na kuna sindano ya kuviyeyusha, au ni maneno ya watu?

Nesi_wa_Usiku: Ipo, ya dawa za jamii ya steroidi. Husinyaza vidogo, mara nyingi haimalizi, na ngozi ya juu inaweza kubonyea au kupauka. Kwa kero yako ningesema kata, mradi kilichotolewa kipelekwe maabara. Ila mkuu, kabla hujakata: vidonda vyako huacha makovu yanayovimba? Bega na kifua ndiko keloidi hupenda kuota. Unaweza kuondoa kinundu laini kisichouma ukapata kovu gumu linalowasha.

Na wengine mnaosoma, msijipime wenyewe. Kikizidi sentimita 5, kikikua haraka, kikiwa kigumu, hakisogei au kinauma, nendeni kikapigwe picha. Saratani ya mafuta ni nadra, lakini ipo, na kwa kidole tu huwezi kuitofautisha.

Kovu_Moja: Hilo la keloidi sikulifikiria. Mimi mgongo ulipona vizuri tu.

Mzigo_Mwepesi: Nesi, umenigusa. Nilipotoboa sikio kovu lilivimba kama harage, na mpaka leo lipo. Basi, begi linahamia bega la pili.