Kampuni yetu ya reli imenunuliwa, nichukue hela niondoke au nibaki? Naomba ushauri

Habari zenu wakuu, mi ni kondakta wa treni za mizigo huku Ohio, Marekani, reli fupi tu, tunatoa mabehewa ya mahindi na soya kwenye maghala tunayakabidhi kwa reli kubwa. Sasa tumenunuliwa, karakana wameshapunguza watu, zamani ukikwama unampigia bosi anakuja mwenyewe na pikapu, saa hizi unapiga makao makuu jimbo lingine unasubiri. Wametangaza hela kwa atakayeondoka kwa hiari. Kinachoniumiza kichwa, pensheni ya reli huku inataka miezi 60 kazini na mi bado kidogo, nikitoka sasa michango inahamia hifadhi ya jamii ya kawaida. Nikibaki wanaweza kunipunguza bila hata senti, na chama cha wafanyakazi hatuna. Waliowahi kuuziwa kampuni, mlifanyaje?