Wasifu wa Abu Jihad (Khalil al-Wazir): tarehe zinagongana, nifuate ipi?

MsakaTarehe:
Wakuu, naandaa wasifu mfupi wa Khalil al-Wazir, yule Abu Jihad wa Fatah, chama cha ukombozi wa Palestina, na nimekwama. Wapo wanaosema Fatah iliundwa 1959, wengine 1965. Wapo wanaomwita waziri. Wengine wanasema aliuawa ndege za Israel zilipopiga Tunis, wengine wanasema ni makomando. Na je, ni kweli ndiye aliyeanzisha Intifada, yale maasi ya Wapalestina dhidi ya Israel?

Kurasa_Kuukuu:
Mkuu, anza na jina, maana hapo wengi hujikwaa mapema. Al-Wazir ni jina la ukoo tu. Uwaziri hakuwahi kuushika. Aliyekuja kuwa waziri ni mkewe, Intisar, katika Mamlaka ya Palestina, miaka kadhaa baada ya mumewe kuuawa. Abu Jihad nalo si cheo cha vita. Ni Baba Jihad, na mwanawe wa kwanza anaitwa Jihad kweli. Mkewe naye ndiye Umm Jihad, yaani Mama Jihad. Ukilitafsiri "baba wa vita vitakatifu" umeharibu wasifu kwenye mstari wa kwanza.

Alizaliwa Ramla, 10 Oktoba 1935. Julai 1948 Israel iliteka Ramla na Lydda, wakazi wakafukuzwa, na familia yake ikaishia kambi ya Bureij huko Gaza, wakati huo ikiwa chini ya Misri. Angalia sana mwaka 1954: alikamatwa kwa harakati za mpakani, lakini waliomkamata ni Wamisri. Cairo haikutaka vijana wa kambini waiburuze kwenye vita ambavyo haikuvipanga. Asiyelijua hilo hataelewa kwa nini baadaye Fatah iling'ang'ania kutokuwa chini ya serikali yoyote ya Kiarabu.

Kuhusu 1959 na 1965, zote mbili ni sahihi, ila zinahusu mambo tofauti. Chama kilisukwa kwa siri Kuwait, alikokuwa akifundisha shule, na 1959 jarida lao, Filastinuna, likaanza kutoka Beirut. 1 Januari 1965 ni tarehe ya tangazo la kwanza la al-Asifa, tawi la kijeshi, na ndiyo Fatah huiadhimisha. Tahadhari: jaribio hilo la kwanza lililenga mfumo wa Israel wa kusafirisha maji, na bomu lililotegwa halikulipuka. Usiandike kwamba "walilipua".

Bahari_ya_Kati:
Kuhusu kifo, umechanganyiwa matukio mawili. Ndege zilipiga makao makuu ya PLO, muungano wa vyama vya ukombozi wa Palestina, huko Hammam Chott, kusini mwa Tunis, 1 Oktoba 1985. Abu Jihad aliuawa usiku wa 16 Aprili 1988, nyumbani kwake Sidi Bou Said, upande wa kaskazini, na makomando wa Israel waliofika kwa njia ya bahari. Mkewe alikuwepo akishuhudia.

Kila tukio lina azimio lake la Baraza la Usalama: 573 la 1985, 611 la 1988. Hilo la 611 lilipita 25 Aprili kwa kura 14, Marekani ikijizuia kupiga kura, na kifungu cha kulaani hakiitaji Israel. Kuna jambo jingine: Israel ilikaa kimya kuhusu mauaji hayo hadi Novemba 2012, mdhibiti wa habari wa jeshi aliporuhusu gazeti moja kuchapisha habari hiyo. Ndiyo maana maandishi ya zamani yanasema "inadaiwa". Usiyanakili kama yalivyo.

Kurasa_Kuukuu:
Intifada hakuianzisha. Iliwaka Jabalia, Gaza, Desemba 1987, baada ya lori la Israel kugonga magari na kuua Wapalestina wanne. Mchango wake ulitangulia: tangu Kamal Adwan, kiongozi mwenzake wa Fatah, auawe Beirut, Aprili 1973, yeye ndiye aliyesimamia Sekta ya Magharibi, yaani kazi zote za Fatah ndani ya Ukingo wa Magharibi, Gaza na Israel. Huko alijenga mtandao wa vijana, wanafunzi na wafungwa. Moto ulipowaka, mawasiliano na fedha kutoka Tunis vilipita mikononi mwake.

Mizani_Sawa:
Msiruke upande wa pili. Sekta hiyohiyo ndiyo iliyopanga utekaji wa basi kwenye barabara ya pwani ya Israel, 11 Machi 1978, ulioua raia 38, 13 kati yao watoto. Wapalestina wengi humwita shahidi, Waisraeli humwita gaidi; wewe andika alichofanya na waliokufa, kwa tarehe na idadi. Maneno kama "jemadari asiyeshindwa" yafute.

MsakaTarehe:
Asanteni sana wakuu. Kazikwa Tunis?

Bahari_ya_Kati:
Hapana. Damascus, kambi ya Yarmouk, 20 Aprili 1988.