Nimealikwa Stonehenge usiku wa siku ndefu ya mwaka, wapagani wanafanya nini hasa pale?

MpareUghaibuni: Wakuu habari zenu. Niko huku Uingereza, kazini kuna mama mmoja wa kizungu mtu poa sana, juzi ndo kaniambia yeye ni mpagani, tena anasema mwenyewe kwa kujidai kabisa, sasa kanialika tukakeshe Stonehenge, yale mawe makubwa ya kale yaliyosimamishwa duara, tarehe 20 Juni mpaka jua lichomoze tarehe 21. Kuna kuchinja? Nisije nikajikuta nimevishwa joho jeupe nazungushwa mawe.

Kipanga77: Hakuna kuchinja mkuu 😂 nenda tu. Siku za kawaida unayaangalia mawe kwa mbali, usiku ule wanawaacha mnaingia katikati kabisa, kuingia bure ila parking unalipa. Watu wanapiga ngoma usiku kucha, wamevaa mataji ya maua na majani ya mwaloni, madruidi, yaani wapagani wanaoiga makuhani wa kale wa huko Uingereza, ndo wenye majoho na fimbo, wanasimama duara wanaita pande nne za dunia moja moja halafu wanalishukuru jua. Wengine wanafunga ndoa palepale, mikono inafungwa pamoja kwa utepe. Ikikaribia saa kumi na dakika hamsini alfajiri wote wanageukia kaskazini mashariki, lilipo lile jiwe la pembeni wanaloliita Heel Stone, maana jua linatokea upande ule. Likitokeza ni shangwe, sema mara nyingi ni wingu tu lol. Pombe na moto marufuku, na beba koti zito.

Mjukuu_wa_Chifu: Wasikudanganye kwamba ni ibada ya kale. Mawe makubwa yana miaka kama 4,500, madruidi wa zamani wamekuja baadaye sana, na hiyo Wicca, dini ya uchawi ya wapagani wengi wa leo, Mwingereza Gerald Gardner kaitangaza miaka ya 1950 tu hapo.

Kipanga77: Wenyewe wengi wanalijua hilo na hawajali. Ila pale wamepapigania kweli, mwaka 1985 polisi waliuzuia msafara uliokuwa unaenda kwenye tamasha, watu zaidi ya 500 wakakamatwa, kukesha kwa uhuru kukarudi mwaka 2000.

DadaWaRiga: Huku Latvia wala huhitaji kualikwa, tarehe 23 na 24 Juni ni sikukuu ya taifa, Līgo na Jāņi. Wanaume taji la mwaloni, wanawake maua, jibini ya kisibiti na bia, moto unawaka mpaka asubuhi na watu wanauruka. Wapagani wenyewe, Dievturi, wapo wachache, ila moto hata bibi wa kanisani anawasha. Kwangu hii tamu kuliko kusukumana na watalii kwenye mawe.

MpareUghaibuni: Aisee asanteni, naenda. Vyoo vipo lakini?

Kipanga77: Vipo, vile vya plastiki. Nenda mapema kabla ya saa nane usiku, baada ya hapo utajuta.