Kompyuta ya mezani haiwaki kabisa: nianze na klipu, multimita, au ninunue pawa saplai?

mchora_ramani
Wakuu, mashine yangu ina miaka sita. Jana umeme ulikatika, uliporudi ikagoma kuwaka. Nabonyeza kitufe, kimya: feni hazizunguki, hakuna taa wala mlio. Soketi ya ukutani ni nzima, na kebo nimeazima ya monita, hali ileile. Nimeona njia tatu zikitajwa: kuunga waya wa kijani na mweusi wa pawa saplai (lile boksi la ndani linalogawa umeme) kwa klipu ya karatasi, kupima kwa multimita (kipima umeme), au kununua pawa saplai nyingine na kuipachika. Ipi nianze nayo? Klipu ninayo, multimita naweza kuazima.

fundi_bisibisi
Klipu, dakika mbili umejua. Chomoa umeme, toa ile plagi kubwa ya pini 24 kwenye ubao mama (ule mkubwa unaobeba vifaa vyote), unga kijani na mweusi wowote, kisha rudisha umeme. Feni ya pawa saplai ikizunguka, nzima hiyo. Hamia kwenye ubao.

volti_tano
Hapo kwenye "nzima hiyo" tusikimbie. Klipu inaonyesha tu kwamba pawa saplai inaitikia amri ya kuwaka, tena bila mzigo, yaani bila vifaa vinavyokula umeme wake. Nimeshika moja iliyozungusha feni vizuri kwa klipu, lakini ukiirudisha kwenye ubao, umeme wake wa 12V unaporomoka hadi 10 na ushee na mashine inajizima. Kinachoruhusiwa ni 11.4 hadi 12.6. Halafu zipo ambazo feni haizunguki mpaka zipate joto. Hiyo klipu itakufanya uizike ikiwa hai.

Kwako mimi ningeanza na waya wa zambarau. Usitoe plagi yoyote. Umeme uwepo, swichi ya nyuma iwe kwenye I, multimita kwenye DC 20V. Ncha nyeusi iguse chuma cha keisi kisicho na rangi, nyekundu iingize kwa nyuma ya plagi, pale waya wa zambarau unapozama. Usome 5V, yaani kati ya 4.75 na 5.25, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Umeme huo ndio unaoufanya ubao usikie kitufe. Ukipata 0, toa plagi upime tena: ikibaki 0, pawa saplai imekufa; ikirudi 5, kuna shoti kwenye ubao au kitu kilichochomekwa humo.

Zambarau ikiwa sawa, pima kijani, waya ambao ubao huutumia kuiamuru pawa saplai iwake, huku mtu anabonyeza kitufe. Kinatakiwa kishuke karibu na 0. Kisiposhuka, pawa saplai haijaombwa iwake, usiilaumu.

fundi_bisibisi
Kuhusu mzigo nakubali, nilipitiliza. Lakini si kila mkono umetulia. Ncha ikiteleza ikagusanisha pini mbili zenye umeme, una kazi mpya. Na kebo nyingi za siku hizi ni nyeusi tupu, hakuna cha zambarau wala kijani. Tafuta mchoro wa plagi, ni pini ya 9 na ya 16.

kabati_la_kebo
Kubadilisha pawa saplai ndicho kipimo kisichobishaniwa, ila iwe ya kuazima. Kununua kwa kubahatisha, hapana. Na kama kebo zake ni za kuchomoa pande zote mbili, USIBAKIZE zile za zamani. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Mimi nilivivia kuzivuta upya, plagi ikaingia bila ubishi wowote, diski mbili zikaenda kwa pamoja. Kompyuta za ofisini nazo angalia kwanza, kuna zisizotumia plagi ya pini 24 kabisa.

usb_iliyopinda
Mbona mmeruka vya bure? Chomoa umeme na vitu vyote vya USB, shikilia kitufe sekunde 30, rudisha umeme peke yake, jaribu. Yangu iligoma siku nzima kwa sababu ya ulimi uliopinda ndani ya tundu la USB la mbele. Na tafadhali, pawa saplai yenyewe msiifungue, kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

mchora_ramani
Nimerudi. Vya bure havikusaidia. Zambarau: 5.08. Na kumbe ubao una taa ndogo inayowaka muda wote, kadi ya michoro ilikuwa imeifunika. Kijani: 4.9, na nikibonyeza inabaki 4.9.

volti_tano
Basi acha kitufe. Pale chini ya ubao tafuta pini mbili zilizoandikwa PWR_SW, ambapo waya wa kitufe huchomekwa, vuta kijiplagi chake, zigusanishe kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja tu.

mchora_ramani
IMEWAKA. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua pawa saplai mpya! Lakini umeme kukatika unauaje kitufe?

volti_tano
Huwa unaizima?

mchora_ramani
Hapana, nailaza tu, naiamsha kwa kibodi. Mara ya mwisho kugusa kitufe sikumbuki.

volti_tano
Basi huenda kilikufa zamani, na jana ndiyo mara ya kwanza umekihitaji.

fundi_bisibisi
Kitufe cha riseti kinafanya kazi? Chukua kijiplagi chake ukichomeke kwenye PWR_SW.

mchora_ramani
Nimefanya hivyo. Sasa nawasha kwa kile kidogo, natumia ncha ya kalamu.