Tupeane uzoefu: siku timu yako ya NFL ilipomwacha kwotabeki uliyemwamini

Mleta mada, Minnesota

Wakuu, salaam. Najua wengi humu ni watu wa Simba na Yanga, lakini sisi tulioko Marekani wengine tumeshazama kwenye mpira wa huku, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, na NFL ndiyo ligi yake kuu. Naomba leo tuongee jambo moja: siku timu yako ilipomwacha kwotabeki, yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, uliyekuwa unamwamini. Ulikuwa wapi, roho ilikuumaje, na leo unaonaje. Naanza mimi.

Niko Brooklyn Park, jirani na Minneapolis. Nabeba boksi zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Timu yangu ni Vikings, na aliyenifundisha huu mpira ni babu mmoja ninayemhudumia. Yeye aliiona Vikings tangu enzi za uwanja wa wazi, watu wanakaa kwenye theluji na blanketi. Timu hii imefika Super Bowl, yaani fainali ya ligi, mara 4 na kufungwa zote 4, ya mwisho Januari 1977. Mara 3 kati ya hizo kwotabeki alikuwa Fran Tarkenton, ambaye Vikings wenyewe walishampeleka New York mwaka 1967, wakaja kumrudisha 1972. Babu akifika hapo kwenye simulizi huwa ananyamaza kidogo, kisha anaomba maji.

Mwaka 2024 kwotabeki wetu Kirk Cousins alipohamia Atlanta, Vikings walimchukua kijana J.J. McCarthy, naye kwotabeki, kwenye drafti, pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, akiwa chaguo la 10. Wakamsajili na kwotabeki Sam Darnold kwa mwaka mmoja, dola milioni 10, awe anashikilia nafasi wakati kijana anakomaa. Darnold alikuwa ameshapita timu 3 na watu walishamwandika kuwa hafai. Agosti kijana akaumia goti, msimu mzima ukaisha kwake kabla haujaanza. Darnold akaingia. Akashinda mechi 14 kati ya 17. Alirusha yadi 4,319 na tachidauni 35, hizo ndizo kama magoli ya huku. Nilikuwa natoka kazini asubuhi sijalala lakini mwili mwepesi kabisa.

Kisha zikaja mechi mbili. Detroit wakatupiga 31–9, tukapoteza nafasi ya kwanza kwenye kanda. Wiki iliyofuata, Januari 13, 2025, tukakutana na Rams wa Los Angeles kwenye mtoano. Mechi ilihamishiwa Arizona kwa sababu ya ile mioto ya Los Angeles. Nilikuwa zamu. Tulisimamisha tableti kwenye jagi la maji mezani kwa babu, sauti chini ili jirani yake asiamke. Kila Darnold alipoangushwa akiwa na mpira mkononi, babu alikunja kidole kimoja. Mkono wa kushoto ukaisha. Akaanza wa kulia. Mechi inakwisha, 27–9, alikuwa amebakiwa na kidole kimoja tu kilichosimama. Mara 9, wakuu. Hakusema neno, nikamfunika blanketi nikazima taa.

Machi wakamwachia Darnold aende Seattle, miaka 3, dola milioni 100.5. Hoja yao ilikuwa ya hesabu: kikomo cha mishahara mwaka ule kilikuwa dola milioni 279.2 kwa kikosi kizima, na McCarthy mkataba wake wote wa miaka 4 haufiki hata milioni 25. Pesa iliyobaki wakanunua watu. Sasa sikilizeni walinunua nani: Ryan Kelly na Will Fries, wote wawili ni wa ule mstari wa mbele unaomlinda kwotabeki. Yaani walikubali kabisa kwamba ukuta ndio uliokuwa mbovu. Christian Darrisaw, mlinzi wa upande wa kushoto, alichanika kano za goti Oktoba 2024, na tangu hapo upande ule haukuwa sawa. Wakaujenga ukuta upya, halafu yule aliyepigwa kwa sababu ya ukuta mbovu wakamfungulia mlango. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Walimpima mtu kwa mechi mbili, wakaacha 16.

McCarthy simlaumu. Mechi yake ya kwanza, kule Chicago, tulikuwa nyuma 17–6 hadi robo ya nne, akaigeuza 27–24. Lakini akaumia tena, na tena. Novemba tukaenda Seattle kwa Darnold bila yeye, tukamchezesha Max Brosmer, kijana ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti. Mipira 4 ikaporwa. 26–0. Na Februari 8, 2026, Darnold akabeba Super Bowl akiwa na Seahawks, 29–13 dhidi ya Patriots. Mimi na babu tuliangalia hadi mwisho. Tulimshangilia, wallahi tulimshangilia.

Karibuni.

Mdau, Kariakoo

Mkuu, pole. Mimi huo mchezo siuelewi, ila maumivu nayaelewa. Hebu tufafanulie, huyo kwotabeki ni kama namba 10 wetu? Kwa nini akiondoka mmoja timu nzima inayumba?

Mleta mada, Minnesota

Zaidi ya namba 10, ndugu yangu. Timu inapokuwa na mpira, karibu kila mchezo unaanzia mikononi mwake. Ana sekunde mbili na nusu hivi, tatu akibahatika, aamue: arushe kwa nani, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie mwenyewe. Kikosi kina watu 53 lakini uamuzi unapita kwake. Ndiyo maana ule ukuta ni roho yake. Ukivunjika, hata awe fundi vipi, hana muda wa kuona.

Mama wawili, Ohio

Mie ni mtu wa Mombasa, nakaa karibu na Cleveland mwaka wa 11 sasa. Pole kaka, lakini yako bado ina nafuu.

Timu yetu, Browns, walimaliza msimu wa 2017 bila kushinda hata mechi moja, 0–16. Ndio tukampata kwotabeki Baker Mayfield, chaguo la kwanza kabisa la drafti ya 2018. Kijana mwenye mdomo na moyo. Januari 2021 akatupeleka Pittsburgh tukawafunga Steelers 48–37 kwenye mtoano, ushindi wetu wa kwanza wa mtoano tangu msimu wa 1994. Nilipika biriani siku ile kama sikukuu, majirani wazungu wakaja na sahani zao.

Msimu uliofuata bega lake la kushoto likachanika mapema, akaendelea kucheza hivyo hivyo. Kama kuna kosa, kosa ni kumwachia acheze. Badala ya kumshukuru, Machi 2022 timu ikamleta kwotabeki mwingine, Deshaun Watson: chaguzi zetu 3 za raundi ya kwanza ya drafti zikaenda Houston, timu aliyotoka, na dola milioni 230 zote za uhakika, acheze asicheze. Wakati ule wanawake zaidi ya 20 walikuwa wamemfungulia kesi za madai wakimlalamikia udhalilishaji wa kingono. Alikana, na hakushtakiwa kwa jinai, lakini ligi yenyewe ilimfungia mechi 11 na kumtoza milioni 5.

Nina binti wawili. Mkubwa alikuwa na jezi ya Mayfield, namba 6. Asubuhi ile ya habari alinikuta jikoni nimeishika mkononi, akaniuliza, "Mama, tutanunua ya huyu mpya?" Nikamwambia hapana. Hakuniuliza sababu, alikuwa keshasikia shuleni. Tukaikunja ile ya zamani tukaitia sandukuni. Mwaka 2023 Mayfield akaenda Tampa akawapeleka kwenye mtoano msimu wake wa kwanza, tukalifungua sanduku.

Sio suala la uwanjani peke yake, kaka. Timu inapochagua nani awe sura yake, inatuambia na sisi mashabiki inatuonaje.

Mtu wa Bukavu, Kansas City

Jambo kwenu wote. Mimi nitaleta upande mwingine, mniwie radhi.

Nilifika hapa kama mkimbizi mwaka 2015. Kwotabeki wa Chiefs, timu ya hapa, alikuwa Alex Smith. Mtulivu, hapotezi mpira hovyo, mechi anashinda. Mwaka 2017 timu ikapanda kwenye drafti toka nafasi ya 27 hadi ya 10 ikamchukua kwotabeki kijana, Patrick Mahomes. Kazini kwetu, kiwanda cha nyama, watu walikasirika sana: tunashinda, mnatafuta nini tena? Na mwaka huo huo Smith akacheza vizuri kuliko miaka yake yote. Mahomes akakaa benchi, akaanza mechi moja tu, ile ya mwisho. Januari 2018 Smith akauzwa Washington.

Mimi pia nilikasirika. Msimu uliofuata Mahomes akarusha tachidauni 50, na toka hapo tumebeba Super Bowl mara 3. Kwa hiyo kumwacha mzuri si kosa kila mara. Ila naomba tuseme na hili: Smith alimfundisha kijana kila siku mwaka ule, akijua ndiye atakayemtoa. Kijana alikaa karibu na mtu mzima akaona kazi inafanywaje. Smith mwenyewe huko Washington akavunjika mguu vibaya mno, upasuaji mara 17, na bado mwaka 2020 akarudi uwanjani. Siku ile aliyorudi, kiwandani tulisimama wakati wa mapumziko tukapiga makofi, watu wa nchi labda 6, mbele ya televisheni ndogo ya kantini.

Mleta mada, Minnesota

Mtu wa Bukavu, umenigusa pabaya, maana una haki. Nimelala nayo hii nikaamka nayo.

Na mimi sasa naona kilichotuponza hasa. Tulitaka kufanya kama Kansas City lakini ule mwaka wa kukaa benchi McCarthy aliutumia akiuguza goti. Alipopona, wa kumfundisha keshaondoka. Daniel Jones, kwotabeki mwingine aliyekuwa nasi mwishoni mwa 2024, naye akaenda Indianapolis. Wangeweza kumzuia Darnold mwaka mmoja zaidi kwa ile kanuni ya ligi ya kumbakiza mchezaji aliyemaliza mkataba, ingewagharimu karibu dola milioni 40. Ni nyingi, sikatai. Lakini kijana angekuwa na mtu mbele yake, na Darnold angecheza nyuma ya ule ukuta mpya walioujenga. Sikuwahi kuomba zaidi ya hapo: mwaka mmoja.

Mama wawili, salimia mabinti. Babu nimemsomea kisa chako jana usiku, nikimtafsiria. Aliponiuliza jezi ya mtoto ilikuwa namba ngapi nikamwambia 6, akaniambia nikutumie ujumbe: msiitupe.

Watu wa Wisconsin mbona kimya? Nyinyi wa Packers mlimchukua kwotabeki kijana Jordan Love 2020 wakati kwotabeki wenu Aaron Rodgers bado yupo, na kijana akangoja miaka 3. Njooni mtuambie ile miaka 3 mliikaaje.